Kifuniko cha Shangazi na Vumbi la Chuma

Sokoni kwetu Garsen maziwa hayanunuliwi kwa kutazamwa. Mnunuzi akifika, mwenye maziwa hufungua jerikani, humimina kidogo kwenye kifuniko, humpa aonje. Ukionja ukanyamaza, umenunua. Ukionja ukakunja uso, utaulizwa mbele za watu kwenu mna ng'ombe wangapi. Nimekua nikiona hivyo, na mpaka walipokuja wale wageni wa vikaratasi sikuwahi kusikia kifuniko kimemponza mtu.

Nawaandika wageni hao kwa sababu bado wapo wanaowasifu. Hata juzi nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba walituletea sayansi. Walituletea, ndiyo. Mvua pia hutuletea samaki mpaka mlangoni, lakini kwanza hubeba nyumba.

Mimi ni msichana mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na steji ya mabasi, hapo hapo walipojipanga kina mama wa maziwa. Shule niliiachia kidato cha pili, mwaka ambao ukame ulimaliza ng'ombe wa baba na karo ikaondoka pamoja nao. Kuota sikuacha. Simu za watu zikiwa zinachajiwa, mimi hukaa nikijiwazia nimevaa koti jeupe, nimeshika kichupa, nakitikisa, kinageuka rangi, na watu wote wanasema aah. Kwa nini kinageuka rangi sikuwa najua. Kwenye ndoto hakuna anayekuuliza.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Anauza maziwa ya ng'ombe wa jamaa zetu walioko ng'ambo ya barabara kuu, kule majani yanakobaki baki kiangazi. Anafukiza jerikani zake kwa moshi wa kuni kama mama yake alivyofukiza vibuyu, na hatii dawa. Hilo la dawa nilieleze, maana ndilo lililowaleta wageni. Joto la kwetu mnalijua, na kama hamlijui msiombe. Maziwa yakikamuliwa alfajiri, kabla ya adhuhuri yanaanza kukata. Basi wako wanaonunua kwenye duka la dawa yale maji ya kuoshea vidonda, yanayotoa povu ukiyamwagia kwenye kidonda, wanatia kidogo kwenye jerikani, na maziwa yanafika Malindi yakijifanya yamekamuliwa sasa hivi. Anayekunywa tumbo lake halijui lilikosea nini.

Pale sokoni sote tulimjua anayetia. Anakaa pembeni, chini ya mwavuli wa mistari, maziwa yake hayajawahi kukata hata mara moja, hata siku lami inapoyeyuka. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa kuwa ni mtu wa maneno makali na sisi ni watu wa amani wakati tunaogopa.

Aliyemtegemea shangazi kuliko wote alikuwa mama mwenye hoteli ya mabati ng'ambo ya steji, Mgiriama, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye kijiji cha mbali cha Golbanti. Chai yake ndiyo inayofanya madereva wa mabasi wasingizie gurudumu. Kila asubuhi alikuwa anakuja mwenyewe, anaonja kutoka kwenye kifuniko, ananyamaza, anabeba. Walikuwa hawaongei mengi. Mmoja Muislamu wa Kiorma, mwingine Mkristo wa Kigiriama, na katika ile miaka mibaya ambayo watu wa mto huu wa Tana walikatana kwa sababu ya malisho na mashamba, mama wa hoteli hakuacha kununua hata siku moja na shangazi hakuacha kuleta. Mimi huona huo ni urafiki, ingawa ukiwaambia watakucheka.

Basi wageni wakaja. Gari mbili nyeupe, maji ya chupa mpaka nyuma kwenye buti, na kiongozi wao aliyevaa viatu vya kupandia mlima. Mlima wenyewe sijui aliuona wapi, maana Garsen ukisimama juu ya ndoo umeshafika kileleni. Walihitaji mtu wa kutafsiri Kiorma, na kwa vile mimi ndiye niliyekuwa nimesogea karibu nikiuliza hicho ni nini na hiki ni nini, nikachaguliwa. Nilifurahi mpaka nikasahau simu za watu kwenye chaji.

Kiongozi akashika kipaza sauti, ingawa kina mama walikuwa wamekaa hapo miguuni pake, akasema kwamba wameleta nyenzo za nano zenye uwezo wa kuiga utendaji wa vimeng'enya. Akanigeukia nitafsiri. Nikamwangalia. Nikawaambia kina mama kwa Kiorma, "Anasema ameleta kitu."

"Kitu gani?" akauliza mmoja.

"Bado sijafika hapo."

Aliyenisaidia alikuwa kijana wao wa maabara, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichuchumaa tukawa sawa. Akasema ndani ya mwili wa kila kiumbe kuna wafanyakazi wadogo sana wanaoharakisha mambo: wanaovunja chakula, wanaovunja sumu. Ndio hao vimeng'enya. Shida yao ni kwamba wakipigwa na joto wanaharibika, kama maziwa tu. Sasa watu wamegundua kwamba ukichukua chuma, ukakifanya vumbi jembamba mno, jembamba hata vumbi la hapa barabarani likawa mawe mbele yake, hilo vumbi linafanya kazi ya mmoja wa wale wafanyakazi. Halina uhai, halili, halichoki, joto la Garsen halilitishi. Wamelipaka kwenye kikaratasi pamoja na rangi isiyoonekana. Maziwa yakiwa na ile dawa ya vidonda, vumbi linaikamata, linaivunja, na rangi inajitokeza buluu.

"Ni kutu?" nikamuuliza.

"Ndugu yake kutu," akasema. "Ila huyu amesoma."

Nikawatafsiria kina mama vizuri mpaka mwisho. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Kama kutu ina akili hivyo, bati la nyumba yangu lingekuwa kadhi."

Kijana akatia tone la dawa ya vidonda kwenye maziwa, akachovya kikaratasi. Kwanza hakuna kitu. Halafu ikaanza kama moshi, buluu nyepesi kutoka ukingoni, ikaenda ikikolea mpaka ikawa rangi ya sare ya shule yangu ya zamani. Hakuna aliyesema aah. Niliisema mimi, peke yangu, kwa wote. Vumbi lisilo na uhai limefanya kazi ya mwili. Nilitaka kulia, na nikajiona mjinga, na furaha haikupungua.

Hapo niliwapenda wageni. Hiyo ndiyo sababu nawadharau zaidi sasa, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa kizuri na walikibeba kama mtu anayebeba yai huku anacheza mpira.

Kabla ya kuondoka, kiongozi alisema upimaji wenyewe ni kesho, na atakayepita atapata nafasi kwenye tangi la kupozea maziwa watakaloleta. Kisha akahubiri usafi. Alihubiri muda mrefu kwa watu ambao kazi yao ni kutunza kitu cheupe kisichafuke mahali penye vumbi. Vyombo vioshwe. Mikono ioshwe. Klorini itumike.

Klorini tulikuwa nayo. Tangu mto ulipofurika mara ya mwisho, wahudumu wa afya walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakigawa, kwa kuogopa kipindupindu, na sisi tulikuwa tumefundishwa na wageni wengine wa gari nyeupe kwamba harufu ile ndiyo harufu ya usafi. Shangazi akarudi nyumbani akafikiri. Jerikani hakutaka kuitia klorini, kwani ingeua moshi, na maziwa bila moshi kwake ni maji. Lakini kifuniko? Kifuniko ndicho kinachogusa midomo ya watu, na ndicho mgeni atakachokishika. Akakiloweka kwenye bakuli la klorini kali, bila kuichanganya na kitu, tangu magharibi hadi alfajiri.

"Hutakisuuza?" nilimuuliza asubuhi.

"Nikisuuze kwa maji gani?" akasema. "Hayo?"

Hayo yalikuwa kwenye ndoo, yametoka mtoni, rangi ya chai ya maziwa. Mto Tana ukikupa maji hukupa na shamba la mtu wa juu. Ukisafisha kitu kwa dawa halafu ukakipitisha kwenye yale maji, umefanya nini? Akili yake ilikuwa sawa kabisa. Kina mama kadhaa walikuwa na akili hiyo hiyo, wale wanaojali. Wengine, wasiojali, walikuja na vifuniko vyao vya siku zote, kimoja nilikiona na ukoko wa maziwa ya jana.

Wageni walipofika walikuwa wamevaa glavu na barakoa, wamejifunga mpaka puani kana kwamba sisi ndio ugonjwa. Walipofungua sanduku ikajulikana kwamba vikombe vya kupimia vimesahauliwa Hola. Waliweza kubeba vumbi ambalo jicho halilioni, wakaacha vikombe ambavyo hata kipofu angevipapasa akavipata.

"Si mbaya," kiongozi akasema. "Tutatumia vifuniko vyao. Si ndivyo wanavyoonjesha?"

Kijana wa maabara akafungua mdomo, akaufunga. Mdogo mbele ya mkubwa, na mkubwa ana ratiba.

Mama wa ukoko akapimwa wa kwanza. Kikaratasi kikabaki cheupe. Akapigiwa makofi. Yule wa mwavuli wa mistari hakuwepo. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba amefiwa huko mjini Madogo. Nasema tu alivyosema.

Ikafika zamu ya shangazi. Akafungua jerikani, akamimina kidogo kwenye kile kifuniko kinachong'aa, akakishika kwa mikono miwili kama anayempa mtu mtoto mchanga. Kijana akachovya. Ilikuja haraka kuliko jana. Haikuja kama moshi, ilikuja kama kofi.

Nilitaka kusema ngoja. Kiongozi alikuwa tayari ana kipaza sauti. Alisema maziwa haya yametiwa dawa hatari, akasema kina mama wa aina hii wanaua watoto wetu, akasema mfano lazima uonekane. Alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo sikuhitajika. Wauza matikiti, wauza miraa, madereva, wote wakageuka kutazama upande mmoja. Kisha vijana wake wawili wakaibeba jerikani wakaiinamisha mchangani.

Sijui niwaelezeje watu wasio wa ng'ombe. Kwetu maziwa hayamwagwi. Mtoto akimwaga, mtu mzima huchovya kidole akajipaka kwenye paji la uso, kama kuomba radhi. Pale yalimwagwa karibu yote, yakafanya kijito cheupe kikaenda chini ya gurudumu la gari nyeupe, na shangazi akasimama akiyatazama. Alijifunga shungi lake upya, vizuri, kama mtu anayejiandaa kwenda safari, akakaa.

Wengine watatu wakageuka buluu baada yake, wote wale waliojali. Waliokuwa na vifuniko vichafu walipita wote.

Mama wa hoteli alikuwa amesimama mlangoni kwake, mwiko mkononi. Aliingia ndani.

Jioni wageni walipokuwa wanafungasha, kijana wa maabara alikuwa ametoa barakoa kwa ajili ya kula mahamri. Aliokota kifuniko cha shangazi chini ili amrudishie. Akasimama. Akakileta puani. Akaliweka hamri kwenye boneti ya gari.

"Hiki kimeoshwa na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akafumba macho. Akachukua jerikani iliyomwagwa, chini palikuwa pamebaki maziwa kidogo. Akachovya kikaratasi humo humo ndani. Tukangoja. Nilihesabu pumzi zangu. Kikabaki cheupe kama kilivyotoka kwenye pakiti. Akatia kingine kwenye unyevu wa kifuniko peke yake. Buluu.

"Kwa hiyo vumbi limekosea?" nikamuuliza, na moyo uliniuma kwa ajili ya vumbi pia.

"Vumbi halikufanya chochote," akasema. "Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Klorini inaigeuza ile rangi bila msaada wa mtu. Vumbi lilikuwa limekaa tu linatazama."

Ndiyo hivyo. Walikuwa wamesafiri na ugunduzi mkubwa, wakatuita wauaji, na ugunduzi wenyewe siku hiyo ulikuwa haujafanya kazi bado. Aliyemhukumu shangazi yangu alikuwa kifuniko kilichooshwa sana.

Kiongozi akaitwa. Akatazama vikaratasi viwili, akatazama saa. Akasema hitilafu hiyo itaingia kwenye ripoti. Kisha akaenda alikokaa shangazi, nyuma ya gari, akainama, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Mama, pole. Kulikuwa na hitilafu ndogo. Maziwa yako hayana shida."

Nikatafsiri. Shangazi anajua Kiswahili kuliko mimi, ila siku hiyo alitaka kutafsiriwa. Akajibu kwa Kiorma, na mimi nikamwambia kiongozi: "Anasema, ulipomwita muuaji ulitumia kile kidude. Kichukue tena."

"Betri imeisha," akasema kiongozi.

Mwenye kibanda cha kuchaji ni mimi. Nilimwambia hivyo, kwa heshima zote, nikamwonyesha kwa kidole. Akasema wanachelewa kufika Hola. Wakaondoka, na tairi zikapita juu ya ule mchanga mweupe.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyonionyesha watu wangu, na sikuwapenda. Asubuhi ya kwanza shangazi alikaa mahali pake, jerikani imejaa, kifuniko kimesuguliwa kwa majivu kama zamani. Watu walipita wakiangalia mbali. Vijana wa bodaboda wakamtungia jina, Mama Buluu. "Mama Buluu, niwekee ya kidonda," mmoja akasema, na wenzake wakacheka mpaka wakashika vichwa. Kijana huyo amekunywa maziwa ya shangazi tangu hajaota meno.

Nilijaribu kueleza. Nilisimama kwenye kibanda nikawaambia wateja wangu kuhusu klorini na vumbi na rangi isiyoonekana. Walinisikiliza kwa huruma. "Ni shangazi yako," wakasema, "lazima umtetee." Mmoja akaniuliza kama kijana wa miwani ameniahidi ndoa.

Na yule wa mwavuli wa mistari? Matanga yake ya Madogo yaliisha haraka ya ajabu. Alirudi kesho yake, hakuwa amepimwa, kwa hiyo hakuwa amegeuka buluu, kwa hiyo alikuwa msafi. Wateja wa shangazi wakahamia kwake kwa foleni. Soko zima liliikimbia klorini iliyobaki kwenye kifuniko likaenda kunywa ile dawa yenyewe, na likajiona lina akili za kisasa. Nilikuwa nikiwatazama wakinyanyua vikombe, nashindwa nicheke au niwapige.

Mama wa hoteli hakwenda kwa wa mwavuli. Huyo alimjua. Alinunua maziwa ya pakiti yaliyoletwa na basi, akapika chai ambayo madereva waliitazama tu. Hakuja kwa shangazi kuuliza, na shangazi hakwenda kueleza. Kila asubuhi saa ya kuonja ikifika, shangazi alikuwa anatazama ng'ambo ya steji, kisha anatazama mikono yake. Maziwa akayarudisha nyumbani akatengeneza samli, samli mpaka tukakosa vyombo. Nikampa wazo tuuze samli, nikamchorea na kibandiko. Akasema, "Mimi sitaki kuuza samli. Nataka yule mwanamke aje aonje." Ndipo nilipoelewa kwamba lile tangi la kupozea hata hakulikumbuka.

Mwisho wa wiki, gari moja nyeupe ilirudi ikielekea Malindi. Kijana wa maabara alishuka, simu imezima, akaja kibandani kwangu. Sikumsalimu. Nilichukua simu yake, nikaichomeka, nikaweka mkono juu yake.

"Huitoi hapa," nikamwambia, "mpaka useme."

"Nimeandika kila kitu kwenye ripoti."

"Hapa nani amesoma ripoti? Mbuzi?"

Akatazama upande wa shangazi. Kijana si mbaya, na hilo linaniudhi, maana ingekuwa rahisi kumchukia. Akasema angesema hata sasa hivi, lakini sauti yake ni ndogo, na kipaza sauti kimeenda na kiongozi.

Kando ya kibanda changu huwa anakaa muuza dawa ya panya. Ana kile kipaza sauti cha kurekodi, unakisemea mara moja kinarudia kutwa nzima. Huwa ananichajisha betri, na sauti yake nimeisikia mpaka naiota. Nikamwomba. Akakuna kidevu, akasema sawa, ila tangazo lake halifuti, alilirekodi siku alipokuwa na sauti nzuri. La kijana litachomekwa katikati, kuna nafasi.

Kijana akainama, akasema maneno yake vizuri, taratibu, bila kutetemeka. Muuza dawa akabonyeza, akaanza kuzunguka soko kama kawaida yake. Na hivi ndivyo Garsen ilivyosikia, neno kwa neno:

"Dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya chawa. Mimi ni mtaalamu wa maabara niliyepima maziwa hapa. Wale kina mama hawakutia dawa. Klorini ilikuwa kwenye vifuniko. Maziwa yalikuwa safi, makosa ni yetu, tunaomba radhi. Wakilamba tu, wanakufa hapo hapo, hawarudi shimoni."

Nilishika kichwa. Kijana akavua miwani. Muuza dawa hakusikia tatizo lolote, akaendelea kuzunguka, na kipaza sauti kikaendelea kurudia: safi, radhi, wakilamba tu wanakufa. Sokoni wakaanza kucheka mmoja mmoja, kisha wote. Muuza matikiti alikaa chini kabisa. Wale wa bodaboda walitaka irudiwe, na hakukuwa na haja ya kuomba. Lakini katika kucheka huko walikuwa wanasikiliza, mara ya tatu, mara ya nne, na nikaona mtu mmoja akimwuliza mwenzake, "Kumbe ilikuwa vifuniko?"

Shangazi hakucheka. Alinitazama kwa jicho la kuniahidi mazungumzo nyumbani.

Hapo ndipo mama wa hoteli alipovuka steji. Alikuja na sufuria yake kubwa, leso kiunoni, akasimama mbele ya shangazi. Kipaza sauti kilikuwa kinapita nyuma yake kikisema mende.

"Una nini leo?" akauliza.

"Maziwa," akasema shangazi.

"Ya kuua panya?"

"Ya kuua wachoyo. Kaa mbali."

Mama wa hoteli akavuta jiwe akakaa. Kisha mama wa hoteli akasema, chini chini, tofauti na sauti yake ya siku zote, "Ile siku nilikunywa kwako asubuhi, kabla hawajaja. Niliisikia harufu ya zahanati kwenye kifuniko. Nikadhani umejisafisha kwa ajili ya wageni. Halafu wakasema dawa, na mimi nikaogopa kusema nilichosikia."

"Una mdomo wa kuita mtu Golbanti," shangazi akasema.

"Siku hiyo haukuita."

Shangazi akafungua jerikani. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akakinyoosha. Mama wa hoteli akakipokea, na kabla ya kukipeleka mdomoni akakipitisha puani, akavuta hewa, kwa makusudi, watu wote wakiona.

"Nusa vizuri," shangazi akasema. "Si mmekuwa maabara wote."

Akanusa tena. Akaonja. Nilimwona akifunga macho. Kijana wa miwani alikuwa amesimama karibu yangu na simu yake haijajaa hata nusu, na wala hakuiulizia.

Mama wa hoteli akanyamaza, akainua sufuria ili ijazwe.